Arbitri Alikuwa Mjapani



Ikiwa mwaka 2010 ulikuwa umekwisha kupata akili ya kufuata mpira, hatuna haja ya kukukumbusha jioni ya Jumamosi tarehe 18 Desemba. Siku ile TP Mazembe ya Lubumbashi iliingia kiwanjani ku Abu Dhabi, kule Uarabuni, kucheza finali ya Kombe la Dunia la vilabu na Inter ya Milano. Ukiwa mdogo, uliza kaka yako au mjomba wako. Atakueleza toka goli la kwanza mpaka la mwisho, na ataongeza na yale ambayo hakuyaona.

Lakini kuko jambo moja ambalo kaka yako pengine hatakueleza, kwa kuwa halipendezi. Juu ya jambo lile ndiyo nimeshika kalamu. Tutalifikia. Kwanza tuangalie mpira wenyewe, maana ulikuwa mzuri, na Mungu hakuwakataza watoto wake kufurahi.

MLANGO WA WATU WAWILI

Tangu mwaka 1960 kulikuwa mechi ya kujua klabu gani ni bingwa wa dunia. Waliocheza walikuwa wawili tu: bingwa wa Ulaya na bingwa wa Amerika ya Kusini. Mwaka ule wa kwanza, ndio mwaka wa uhuru wetu, Real Madrid ya Hispania na Peñarol ya Uruguay walitoka 0-0 ku Montevideo, halafu Real ikashinda 5-1 ku Madrid. Wakaitwa mabingwa wa dunia. Dunia gani? Afrika haikualikwa. Asia haikualikwa. Na usidhani ni kwa sababu hatukuwa na wachezaji. Mwaka 1967 na 1968 ekipe hii hii ya Lubumbashi, iliyoitwa wakati ule Englebert, ilikuwa bingwa wa Afrika mara mbili mfululizo. Mwaka 1969 na 1970 ikafika finali tena. Baada ya hapo hakukuwa mlango mwingine wa kubisha.

Mwaka 2000 FIFA ilifungua mlango kidogo, na kutoka mwaka 2005 kila bara likaleta bingwa wake kila mwaka. Sawa. Lakini finali ilibaki ya wale wale. Mwaka baada ya mwaka, Ulaya na Amerika ya Kusini. Sisi wengine tulikuwa kama wageni wa harusi waliowekewa benchi karibu na mlango: wanakula, wanashukuru, wanarudi nyumbani mapema.

Mazembe yenyewe ilizaliwa mwaka 1939, na waliomzaa mtoto huyu ni watawa wa Kikatoliki, Wabenedikto, waliokuwa na shule ku Élisabethville, jina la zamani la Lubumbashi. Walitaka vijana wao wapate mchezo mwema. Kwanza iliitwa Saint-Georges, halafu Saint-Paul, halafu Englebert, jina la kampuni ya mipira ya motokari. Sisi Waprotestanti tuwape watawa wale heshima yao. Kazi ilikuwa njema. Jina lililofuata ndilo linanisumbua. Hizo herufi mbili, T na P, ni Tout Puissant, maana yake Mwenyezi. Mchungaji gani atapiga kelele kwamba ekipe ya watu 11 ni mwenyezi? Mimi nasema “Mazembe” tu, inatosha. Jina lao lingine, Kunguru, sina neno nalo. Kunguru ndio waliomletea nabii Eliya chakula kule kijitoni.

NJIA YA KUFIKA

Mwaka 2009 Mazembe ilikwenda ku Abu Dhabi mara ya kwanza, ikapigwa mara mbili: 2-1 na Pohang ya Korea ya Kusini, 3-2 na Auckland City ya New Zealand. Wengine walisema basi, tumeona mwisho wetu. Mwaka uliofuata wakashinda Afrika tena. Finali ya kwanza, ku Lubumbashi, Espérance ya Tunisi ilipigwa 5-0. Ya pili ilikuwa 1-1. Wakapanda ndege tena kwenda kule kule walikopata haya.

Feza zilisaidia, tusidanganyane. Rais wa klabu, Moïse Katumbi, alikuwa pia gavana wa Katanga, na wachezaji wake hawakulala njaa. Lakini kijana wa machimbo anayesoma hapa aangalie vizuri: hawa si watu waliookota bahati asubuhi moja kama mtu anayedhani ataokota jiwe la dhahabu ku Misisi kwa kufunga dawa kiunoni. Walipigwa, wakarudi kwenye mazoezi, wakafuata njia ile ile mwaka wa pili.

Na walikwenda bila Trésor Mputu, mchezaji wao mkubwa. Alikuwa wapi? Alikuwa amefungiwa na FIFA mwaka mzima, kwa sababu ya ugomvi na arbitri katika mechi ya Kombe la Kagame ku Kigali, mwezi wa 5 mwaka 2010. Shika neno hili, ugomvi na arbitri. Tutalikuta tena.

Tarehe 10 Desemba wakaanza na Pachuca ya Meksiko. Bedi Mbenza akaingiza goli moja, likatosha. Tarehe 14, Jumanne, wakasimama mbele ya Internacional ya Porto Alegre, mabingwa wa Amerika ya Kusini, Wabrazili, watu ambao mwaka 2006 walikuwa wameipiga Barcelona na kuchukua kombe hili. Hata wapenzi wa Mazembe walisali sala fupi siku ile. Wabrazili walipiga, Robert Kidiaba akazuia. Wakapiga tena, Kidiaba akazuia tena, wakati mwingine kwa mikono, wakati mwingine kwa mguu, wakati mwingine sijui kwa nini. Dakika ya 53 Mulota Kabangu akaweka balo ndani. Dakika ya 85 Dioko Kaluyituka akamzungusha beki na kufunga la pili. Kidiaba akaketi chini na kurukaruka kwa makalio kama desturi yake. Mama wote waliofua kaputula za watoto wao Desemba ile wanajua jambo lile lilivyoenea.

Ilikuwa mara ya kwanza, tangu 1960, kwamba klabu isiyo ya Ulaya wala ya Amerika ya Kusini inafika finali. Na klabu yenyewe ilitoka inchi yetu, ambayo radio za dunia huitaja kwa vita tu. Kumbuka hali yetu wakati ule, hapa Fizi. Watu wengi walikuwa wamerudi miaka michache tu kutoka makambi ya Tanzania, Lugufu na Nyarugusu, kwa mashua za HCR mpaka bandari ya Baraka, nyumba zao zikiwa majani. Kutoka Baraka mashua inashuka ziwa mpaka Kalemie, na kutoka Kalemie mtu anafika Lubumbashi. Kiswahili ni kimoja, na jamaa tuko nazo kule. Kwa hiyo hatukusema “wale wa Katanga wameshinda.” Tulisema “tumeshinda.”

FINALI

Inter ilikuwa imechukua makombe matatu makubwa mwaka ule: la Italia, la ligi ya Italia, na la Ulaya. Dakika ya 13 Goran Pandev akafunga. Dakika ya 17 Samuel Eto’o akafunga. Kazi ilikuwa imekwisha kabla watu hawajapata nafasi ya kukaa vizuri. Mazembe wakajaribu, wakatengeneza nafasi chache, Dakika ya 85 Jonathan Biabiany akafunga la tatu. 3-0. Baada ya mechi Eto’o alipewa zawadi ya mchezaji bora wa mashindano, na wa pili alikuwa Kaluyituka wetu. Hakuna haya yoyote katika finali ile.

Sasa angalia nyuso za wale waliocheza. Inter ni klabu ya Italia, lakini kapiteni wake Javier Zanetti ni wa Argentina, Cambiasso na Milito ni wa Argentina, Maicon na Lúcio na golikipa Júlio César ni Wabrazili. Pandev ni wa Makedonia. Na Eto’o ni mwana wa Kameruni, Mwafrika kama wewe na mimi, na yeye ndiye aliyempa Pandev balo ya goli la kwanza na kufunga la pili mwenyewe. Kwa upande wetu, kocha Lamine N’Diaye alikuwa Msenegali, na kati ya wachezaji alikuwamo Mzambia, Given Singuluma. Ungetaka kujua nani ni wa upande gani kwa kuangalia uso, ungepotea. Ulipaswa kuangalia jezi.

ILE AMBAYO HATUPENDI KUSIMULIA

Arbitri wa finali alikuwa Yuichi Nishimura. Ni Mjapani, mtu wa mji wa Tokyo, arbitri mkubwa. Miezi michache nyuma alikuwa ameongoza mechi ya Brazili na Uholanzi katika Kombe la Dunia ku Afrika ya Kusini. Magoli 3 yale hakuyafunga yeye.

Lakini ku Lubumbashi, baada ya mechi, vijana walitoka barabarani na hasira. “Arbitri ametuibia! Ni Muchina!” Wakaenda kushambulia maduka ya Wachina mjini. Wachina wale hawakuwa Abu Dhabi. Hawakushika filimbi. Walikuwa wanauza bidhaa zao, na wengine wao pengine walishangilia Mazembe siku ya Jumanne pamoja na majirani. Kosa lao lilikuwa moja: macho yao yalifanana na macho ya mtu mwingine, wa inchi nyingine, ambaye naye hakuwa na kosa.

Nimesikia watu wakicheka wanaposimulia habari hii. “Walichanganya Mjapani na Mchina!” Kwani kama arbitri angekuwa Mchina kweli, ingekuwa halali kuvunja butiki ya Mchina? Hapo ndipo kicheko kinapaswa kukoma.

Si ugonjwa wa Wakongomani peke yetu. Tarehe 22 Oktoba 1969, katika mechi ile ya Ulaya na Amerika ya Kusini, Milan ya Italia ilikwenda ku Buenos Aires kucheza na Estudiantes ya Argentina. Ndani ya Milan alikuwamo Néstor Combin, aliyezaliwa Argentina lakini akawa Mfaransa. Walimwona kama msaliti. Alipigwa usoni mpaka damu ikajaa jezi, na baada ya mechi polisi wakamkamata wakisema alikimbia kazi ya jeshi, kabla ya kumwachilia. Serikali ya kule ilipata haya, ikawatia gerezani wachezaji 3 wa Estudiantes. Klabu za Ulaya zikaanza kuogopa kwenda. Mwaka 1975 na 1978 mechi haikuchezwa kabisa. Mwishowe, kuanzia ile ya mwaka 1980, wakatafuta pahali ambapo hakuna anayemchukia mwenzake, wakacheza mechi moja tu kila mara mpaka mwaka 2004. Pahali pale palikuwa Japani. Ndiyo, inchi ya Bwana Nishimura.

NA SISI WA FIZI

Ndugu msomaji, usiseme habari ile ni ya Lubumbashi, sisi haituhusu. Hapa kwetu hatungojei arbitri kutoka mbali ili tumpige mtu kwa uso wake. Ng’ombe zimeibwa milimani. Kesho yake anayepigwa njiani si yule aliyeiba, ni yule anayefanana naye. Watu wameuawa katika kijiji. Kijiji kinachochomwa kesho si cha wale waliopiga risasi, ni cha watu wanaosema lugha yao. Mbembe anajua habari hii, Mnyamulenge anaijua, Mfuliiru anaijua, Mbuyu anaijua. Kila mmoja anaijua vizuri sana pale alipotendewa yeye. Pale alipotenda, kumbukumbu inakuwa nzito.

Waulize wazee waliokaa kambini Tanzania. Mkimbizi mmoja akiiba ndizi katika shamba la mwenyeji, ni nani aliitwa mwizi? Wakimbizi wote. Mama aliyekuwa amelala katika blindé yake na watoto wake, naye mwizi. Je, tuliona ni haki?

Na Wachina wako hata kwetu leo, juu ya dhahabu. Mwezi wa 11 mwaka 2021, ku Mukera, ndani ya teritware yetu ya Fizi, watu wenye silaha walivamia kambi ya machimbo, wakaua polisi mmoja na kuteka Wachina 5. Polisi yule hakuwa Mchina, alikuwa mtoto wa inchi. Hasira ya uso haina macho ya kuchagua ikianza kupiga.

Simtetei tajiri yeyote. Mto ukigeuka matope na samaki wakafa, wanakijiji wanayo haki ya kulia, tena kwa sauti kubwa. Mwezi wa 8 mwaka ule ule wa 2021, baada ya malalamiko ya wakaaji wa Mwenga, gavana wa Kivu Kusini alisimamisha makampuni 6 ya Kichina yaliyokuwa yakichimba dhahabu kule. Hiyo ni njia: kampuni yenye jina, kosa lenye jina, na mkubwa anayepaswa kujibu. Kama mkubwa hajibu, tunarudi kesho na barua nyingine, na wazee wa kanisa wanatia sahihi. Kumpiga mawe kijana Mchina anayenunua nyanya sokoni si njia.

Fungua Biblia yako kwenye Matendo ya Mitume sura ya 19. Wapendwa wa machimbo mtaipenda, kwa maana ndani yake kuko habari ya mafundi wa fedha waliohofia biashara yao. Wanafanya ghasia katika mji wa Efeso, umati unakimbilia kiwanja cha michezo, na kwa kuwa Paulo hayupo mkononi, wanawashika Gayo na Aristarko, watu wa Makedonia waliosafiri naye. Wanapiga kelele saa mbili nzima. Luka anasema wengi wao hawakujua hata wamekusanyikia nini! Mtu aliyewaokoa siku ile hakuwa mtume. Ni karani wa mji, mpagani, aliyewaambia kwamba mwenye kesi aende mahakamani, mlango uko wazi. Halafu usome sura ya 21, pale Paulo mwenyewe anapopigwa hekaluni kwa jambo ambalo watu walilidhani tu, na askari mkubwa anamchukua kuwa ni Mmisri mwingine mwenye fujo. Paulo naye alichanganywa na mtu mwingine.

Baada ya mwaka 2010 mlango haukufungwa tena. Raja ya Casablanca ilifika finali mwaka 2013, Kashima ya Japani mwaka 2016, na wengine wakafuata. Mazembe walirudi katika mashindano yale mwaka 2015, baada ya kushinda Afrika mara ya tano, na yalichezwa wapi? Japani. Walipigwa 3-0 na Sanfrecce Hiroshima, halafu 2-1 na América ya Meksiko, wakarudi nyumbani.

Najua vikundi vingi vya vijana vinaonyesha mechi kwenye ukumbi wa kanisa, ku Baraka na hata huku juu ku Fizi, mafuta ya jenereta yakinunuliwa kwa mchango. Sioni kosa, ikiwa kwaya imekwisha kufanya mazoezi yake na hakuna anayeweka feza za pari. Ila ninaomba wakubwa wa vikundi jambo dogo. Kabla ya kuwasha, kijana mmoja asimame, aandike ubaoni majina ya ekipe mbili, na chini yake jina la arbitri pamoja na inchi yake, alisome kwa sauti kama vile tunavyosoma jina la mgeni anayetutembelea Jumapili. Mechi ikiisha vibaya, ubao ubaki pale mpaka watu wote wametoka. Ubao wa shule ya Jumapili unatosha, na kipande cha chaki. Kwa finali ile ya Desemba ingeandikwa hivi: Inter, Mazembe, na chini yake Yuichi Nishimura, Japani.